Noella wa Rugenge na Vitabu vya Ng'ambo ya Ruzizi

Pale Rugenge, mtaa wa Uvira nchini Kongo, kando ya barabara inayoshuka ziwani, kuna benchi ambalo Pontien seremala alilipigilia misumari mwenyewe, na Mama Fanny huuzia kahawa hapo kila asubuhi. Jumanne moja Pontien alifika na shati la Jumapili. Binti yake Noella, mtunza vitabu wa bibliyoteki, yaani maktaba, alikuwa amemtumia picha kutoka Burundi, ng'ambo ya mto Ruzizi: watoto mkekani, kila mmoja na kitabu, na rafu ndefu nyuma yao. Yeye na wenzake wawili walikuwa wamemaliza bibliyoteki ya tatu katika shule za kambi ya wakimbizi Wakongo. Simu ilikwisha kuzunguka benchi mara mbili.

— Baba Noella, weye ulizaa! alisema Emery, dereva wa pikipiki, aliyebatizwa Ministre, waziri, kwa kupenda kuhutubia. Lakini minye niko najiuliza: Burundi iko na walimu yake. Juu ya nini banaita mutoto wa Uvira?

— Juu Kifaransa yetu iko na nguvu, akajibu Mathieu, fundi wa simu, ambaye wanamwita Journaliste, mwanahabari. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Methali hiyo inaingia wapi?

— Inaingia tu.

Pontien alicheka. Yeye aliacha shule darasa la tatu. Noella akiwa mdogo alikuwa anamsomea vipande vya gazeti vilivyofungiwa maandazi, na Pontien alikuwa anasimamisha randa ili asikie vizuri.

— Mwaka ujao Ulaya itamwita, Journaliste akaendelea. Kule bazungu baliacha kusoma, iko simu tu. Noella atabafundisha upya.

— Ulaya ni kidogo! Ministre akasimama. Dunia yote itakuja hapa Rugenge kutafuta Pontien abapigie rafu. Batajenga uwanja wa ndege hapa hapa. Haraka haraka haina baraka!

— Ndege yenu isimwage kahawa yangu, akasema Mama Fanny.

Walikuwa bado wanacheka mwanamke alipofika, vumbi la njia hadi magotini.

— Samahani ba papa. Baba ya Noella iko hapa?

— Ndiyo minye, mama.

Akamshika Pontien mkono kwa mikono yake miwili.

— Minye ni Anne-Marie wa Luberizi. Tulirudi juzi kutoka kambini. Mutoto wangu Délice alifika kule na miaka tisa, hajui hata A. Noella alimukalisha na vitabu, siku kwa siku. Zamani barua ya bwana yangu ilisomwa na jirani, na kambi yote ilijua siri zangu. Leo Délice ndiye ananisomea. Nilikuja kusema aksanti.

Benchi zima likapiga makofi.

— Lakini sasa, Anne-Marie akasema, kila asubuhi mutoto ananiuliza, na minye nawauliza ninyi: huku kwetu, vitabu vya batoto viko wapi?

Ministre akaketi tena. Pontien alisikia fahari yake ingali palepale, ila imekuwa nzito, kama ubao mbichi begani.

Akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

— Kaa, mama. Mama Fanny, umuletee kahawa. Rafu nitapiga minye. Uniambie kwanza: Délice anapenda hadithi za namna gani?