Maziwa ya Bei ya Kutupa

Kijiwe chetu hapa Travnik ni benchi lililoegemea duka la Safija, na leo hapakaliki kwa furaha. Majira yote ya baridi, duka kubwa la ng'ambo ya barabara limeuza maziwa kwa bei ya kutupa, makusudi, ili Safija afunge, halafu wapandishe wapendavyo. Asubuhi hii Tume ya Ushindani ya Sarajevo imewaamuru waache mara moja mpaka kesi iishe. Safija mwenyewe katuletea kahawa na vipande vya lokumu, zile peremende laini za unga wa sukari. Nusura nilie, wallahi.

— Nani alisema tuwashtaki? — kaanza Wakili, ambaye sheria pekee aliyowahi kusoma ni ya barabarani, na mtihani akafeli.

— Wewe ulisema tuwatoboe matairi! — kadakia Brko, mzee wa masharubu.

— Si ndiyo sheria yenyewe? Haraka haraka haina baraka!

— Hebu tuondolee balaa. Yale hayakuwa maziwa, ilikuwa chokaa ya Austria.

— Chokaa ghali, bwana! Ile ni theluji ya mlima Vlašić, wanaiyeyusha usiku. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: ndiyo maana waliyapanga rafu ya chini!

Brko akajipiga kifua.

— Mimi hata tone lao halikunigusa. Nilisusa! Nimenunua kwa Safija tu.

Lejla, mwalimu aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama na kikombe chake.

— Samahani, wazee. Tume ilijuaje kwamba wanauza chini ya bei ya kununulia?

Wakili akachungulia machicha ya kahawa kama yana jibu. Safija akacheka.

— Niliacha kuagiza kiwandani, kule kule wanakonunua wao. Nikawa naenda kwao na mkokoteni, najaza friji langu. Dereva wa kiwanda akanijia juu: maziwa yetu umeyatoa wapi? Nikamwambia, niuzie kwa bei yao nirudi kwako. Akaapa hata mteja mkubwa vipi hapati bei ile. Nikamwambia, basi kaape mbele ya Tume! Akaenda na bosi wake, na wenye maduka madogo wote tukasimama nao.

Tulishangilia mpaka njiwa wakaruka. Brko peke yake kajikunyata.

— Safija, jirani... kwa hiyo yale maziwa yangu?

— Ya kwao, jirani. Kila asubuhi, — akammiminia kahawa. — Bila wewe yangenichachia.