Kiti cha Mzazi Kibaki Chumbani

Mheshimiwa Brigedia, mgeni wetu rasmi. Kanali, na maafisa mliokaa mbele mmenyoosha migongo kama ubao. Meja wetu unayetuaga leo, pamoja na mumeo na wanao. Ndugu waandikishaji wa timu zote. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wazazi wenzangu mlioketi huko nyuma chini ya feni isiyozunguka: nawasalimu nyote kwa heshima zenu. Vijana, shikamoo zenu nilizipokea pale mlangoni, na marahaba nilikwisha kuitoa.

Nimeambiwa nianze na mkubwa kisha nishuke. Nimeshuka. Nimeambiwa pia nisiseme sana. Hilo tutaona.

Najua kuna wanaojiuliza: bibi huyu ni nani, hana cheo wala magwanda, tena kaletewa sofa akaikataa, akaomba kiti cha mbao kinachoyumba? Mimi ni bibi wa kuruta. Shule sikuingia hata kwa kuchungulia dirishani. Nilimlea mjukuu wangu tangu marehemu mama yake alipotuacha, nikamlisha, nikamchapa, nikambembeleza, na alipofikia umri wa kujiunga na jeshi akaja mtu kwangu kumchukua. Mtu huyo yumo humu ndani. Yule pale, mnayemwita Sumaku, siku zile akiwa Sajenti. Usiinamishe kichwa, mwanangu, bado sijaanza.

Sumaku alikuja na buti zinazong'aa, akazivua mlangoni bila kuambiwa. Akanywa chai, akasifia mapazia yangu. Mapazia yenyewe yana matundu ya kupitisha paka! Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Akasema kijana atafundishwa kuendesha malori makubwa, mwisho wa kila mwezi atakuja kunisalimia, na mafunzo ni mazoezi kidogo na nyimbo. Sasa mjukuu wangu tangu anatambaa hakuwa na hadithi nyingine ila magari. Mngetaka afanye nini? Alipanda basi la jeshi anacheka meno yote nje, nami nikabaki nampungia kanga.

Baadaye akanipigia simu kutoka kambini, analia kwa ile sauti ya mtu anayejidai ana mafua. Lori hakuliona. Alipangiwa jikoni, kazi yake kumenya viazi. Mwisho wa mwezi ulifika ukampita kama hawajuani. Akaniambia, "Bibi, mimi natoroka." Ndugu zangu, kutoroka jeshini si kama kutoroka shule. Ni kuishi unajificha, kila ukisikia hodi moyo unaruka. Nikamwambia aningoje, nikajifunga kanga kiunoni, nikaja hapa kwenye ofisi ya waandikishaji.

Pale getini mlinzi alinionyesha ubao wenye picha ya Sumaku, akaniambia kwa fahari kwamba huyo ndiye wa kwanza kwa kuleta vijana, kila tathmini ni yeye, na makofi ni yake. Nikajisemea, kumbe ndiyo maana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sauti yangu mnaijua. Nadhani siku ile ilisikika mpaka barabara ya pili. Ofisa mwingine angesema huyu bibi aambiwe arudi kesho. Meja alitoka mwenyewe. Akanisikiliza pale pale juani, kisha akaniambia, "Mama, timu hiyo hiyo ndiyo iko ndani inafanyiwa tathmini. Ingia ukae."

Ndani viti vilikuwa vimejaa. Meja akatoka hadi kwenye korido, akaondoa redio ya mlinzi juu ya kiti hiki, akakibeba kwa mikono yake, akakiweka kando ya meza, katikati ya timu. Nami nikakaa. Nikamtolea Sumaku uvivu. Sikusema la hekima hata moja, jamani, nilisema kwa uchungu. Nilisema lori, nikasema mwisho wa mwezi, nikasema nyimbo, nikamalizia na mapazia.

Meja akamgeukia. "Sajenti, uliyasema hayo?"

"Nilisema anaweza kupata lori, Afande."

"Na nyimbo?"

"Nyimbo zipo, Afande."

Mmoja wenu alicheka akasingizia kikohozi. Namjua, leo amekaa mstari wa tatu. Meja hakucheka. Nami nikawa nangoja avuliwe vyeo pale pale. Niseme kweli, nilitaka hata kuondoka na utepe mmoja nikamwonyeshe mjukuu wangu. Lakini Meja aliwatazama wote, mmoja mmoja, akasema: "Mimi nimekuwa nikiwauliza wangapi wamepanda basi, nanyi mmekuwa mkinijazia basi. Nilikuwa naona wengi wanarudi njiani, sikujua wanakimbia nini. Kuanzia leo nitauliza wangapi wamebaki, na waliambiwa nini siku ya kwanza." Kisha akamwambia Sumaku aende kambini, amtazame kijana usoni, amwambie ukweli, na tathmini ijayo aje aeleze mbele yangu alivyosema. Akimaliza hilo ndipo itajulikana kama anabaki kwenye timu au anarudi kulinda lango. Nyie mnaiona hiyo ni huruma? Mimi niliona afadhali angevuliwa vyeo.

Sumaku akaenda. Haya aliyonisimulia mjukuu wangu ndiyo haya haya Sumaku aliyokuja kuyasema mezani, hayakupishana hata kidogo. Alimkuta jikoni, akavuta gunia la viazi akalikalia, akaomba kisu, akamenya naye. Akamwambia, "Nilikudanganya. Lori huenda usiliguse kabisa. Lakini ukitoroka utajificha maisha yako yote kwa uongo ambao ni wangu, si wako. Niachie mwenyewe mzigo wangu."

Mjukuu wangu akabaki. Leo ni mpishi wa kikosi, tena amekuwa na kiburi cha ajabu. Likizo iliyopita alionja mchuzi wangu, akaweka kijiko chini taratibu, akaniambia, "Bibi, chumvi uliitia mapema." Mimi! Niliyemlisha huo huo mchuzi mpaka akaota ndevu! Nilimfukuza na mwiko kuzunguka nyumba, lakini rohoni nilikuwa nimeshiba.

Naye Sumaku akabaki. Ila picha yake ilishuka ubaoni, na tathmini zilizofuata alishika mkia, akaushika kwelikweli. Mlimtania kwamba sumaku imeingia kutu. Meja hakumtania na wala hakumwonea haya. Kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe, mguu wake uwe kwenye plasta kama ule mwaka aliovunjika, aliketi na kila timu: mnafanya nini vizuri, mmekwama wapi, mnahitaji nini kwangu. Na kila mara kiti hiki kilikuwa na mzazi. Wengine walikuja kushukuru. Mmoja alikuja kulalamika, akaishia kuomba naye aandikishwe, na umri umemtupa mkono. Mwenye kosa aliambiwa kosa lake mbele ya aliyeumia, na mwenye sifa alipewa sifa yake hapo hapo, ikiwa bado moto.

Mnataka kujua ilizaa nini? Jirani yangu ana binti. Sumaku akaja kwao, nami nikaitwa nikae nisikilize, maana mtaani kwetu sasa mwandikishaji hafungui mdomo mpaka mimi niwepo. Akamwambia yule binti kwamba miguu itavimba, kwamba usiku wa kwanza atamlilia mama yake, kwamba anautaka uuguzi lakini nafasi ni chache na huenda asipate. Mama mtu akaninong'oneza, "Huyu anaandikisha au anafukuza?" Binti hakujibu siku ile. Alikwenda akafikiri, akarudi mwenyewe, akaandikishwa. Na yuko mpaka leo, wala hajanipigia simu ya mafua.

Meja, mwanangu, mimi sijui vyeo vyenu vinapangwaje. Najua ulikibeba kiti mwenyewe wakati walikuwepo vijana wa kukibeba. Umewasema watu hawa kwa miaka, na leo wanalia kwamba unaondoka. Nani mwingine mnayemjua anayesema watu hivyo kisha wakamlilia? Nenda ukapumzike. Mumeo, usimpangie kazi. Na wewe, usimfanyie tathmini.

Sasa, Mheshimiwa Brigedia, nimekuja kwako. Pale korido nimesikia kwamba kuanzia mwezi ujao tathmini zitafanywa kwa kompyuta kutoka makao makuu, hesabu zitumwe, watu wasisumbuliwe kukutana. Huenda ni maneno ya korido tu. Sina ugomvi na kompyuta, baba, haijanila kitu. Lakini itajuaje kwamba kuna mtoto aliyeahidiwa lori? Itamwona nani akiinamisha kichwa? Hesabu tumeni, kila siku mkitaka. Ila watu hawa waketi, watazamane, na kiti hiki kiwe na mtu juu yake.

Maana anayempokea Meja ofisi leo ni nani? Ni Sumaku huyu huyu, naye siku hizi ni Kapteni. Wengine mmeguna, nimewasikia. Mimi sikuguna. Mtu aliyekalia gunia la viazi akasema "nilidanganya" ndiye ninayetaka aende kwenye nyumba za watu. Lakini mwanangu, nyani haoni kundule. Wewe sasa ndiwe mkuu, watakupigia saluti, watasifia mapazia yako. Utahitaji mtu wa kukutolea uvivu, na mimi magoti yangu hayatapanda ngazi hizi milele.

Kwa hiyo naomba jambo moja tu. Kiti hiki kilitolewa kwenye chumba cha tathmini kwa ajili yangu, na mimi nimemaliza kusema. Nani atakirudisha?

Hapana, Koplo, kaa chini. Sikukuita wewe.

Haya. Sumaku anakuja mwenyewe. Mheshimiwa Brigedia naye anampisha njia, nanyi nyote mmeona, kwa hiyo msije mkaniambia kesho kwamba hamkuwepo. Kishike kwa chini, mwanangu, mguu wa nyuma umelegea. Kiweke palepale, katikati ya timu.

Nawashukuru wenyeji kwa kunialika, nawashukuru wageni kwa uvumilivu, na Meja nakushukuru kwa mjukuu wangu. Mmenipa masikio yenu tangu mwanzo bila kuchoka, asanteni kwa kunisikiliza. Sasa hiyo sofa ileteni, magoti yananiuma.