Ujumbe Usio na Kosa

Mbele ya kibanda cha kushonea viatu kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Asubuhi hiyo lilikaliwa na wale wale: Breki, dereva mstaafu, Wakili, ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani ila kwa ubishi humwezi, na Fundi mwenyewe, kiatu cha mtu mapajani, macho kwenye simu. Tangu mkewe arudi kwao kwa hasira, Fundi alikuwa mtu wa kuandika na kufuta. Ujumbe wa leo, wa kumwomba arudi, aliutaka uwe safi kama sahani ya mgeni.

— Si umpigie, bwana, yaishe? alisema Breki.

— Hapokei.

— Basi tupe tukusomee.

Fundi akaibana simu kifuani.

— Haya ni ya chumbani. Nimeusoma tangu kumekucha, sioni kosa. Nikishatuma tu, hilo hapo linanikodolea macho!

— Unasoma kilichomo moyoni, si kilichomo kwenye simu, alisema Breki. Anzia mwisho. Rudi nyuma kama gari linaloingia gereji, utaligonga tu.

Fundi akarudi nyuma, neno kwa neno. Hakugonga kitu.

— Herufi zinakujua, alisema Wakili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake, usome ukiwa mgeni. Vaa kofia yangu.

— Kofia?

— Zikuone mtu baki! Mwenyewe ukitazama zinajipanga mstari. Ukigeuka zinatawanyika, kama watoto mwalimu akitoka darasani.

Fundi akavaa. Kofia ikamfika kwenye nyusi.

— Bado sioni.

— Basi tuma! Asiyekuwepo na lake halipo. Herufi isiyokuwepo ina kosa gani?

— Wewe Wakili utamfunga mteja wako, alicheka Breki. Kwani shemeji akiona kosa, kuna nini?

Fundi akaivua kofia taratibu.

— Nilimwandikia kwamba nyumba imepoa, kwamba usiku nageukia ukuta. Kumbe kwenye neno nyumba niliruka herufi. Akajibu neno moja: “Nyumba.” Kanisahihisha, basi. Juzi tena, vivyo hivyo. Tangu aondoke hajaniandikia kingine. Leo nataka akose pa kushika, asome maneno yangu yenyewe.

Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alikuwa amefika kuchukua kiatu chake. Alisimama kando, mguu mmoja peku, akiona haya kuwakatiza.

— Samahanini, baba zangu, alisema kwa sauti ndogo. Sasa asipoona kosa, atajibu nini?

Wakili akachukua kofia yake, akaivaa.

Fundi akaanza kuusoma upya, polepole, herufi kwa herufi. Safari hii alimwomba Mungu amwonyeshe kosa, hata moja tu.