Dada Yetu, Aliyechora Vitu Vikatembea

Marehemu dada yetu, ambaye watoto wa mtaa mzima walimwita Mama Katuni, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1977 katika nyumba ya pili nyuma ya soko, kifungua mimba wa watoto wanne. Mama anasema alichelewa kutembea kwa sababu alitaka kwanza kutazama wenzake wanavyofanya. Sisi wadogo zake tunaamini, maana hata ukubwani hakujua haraka.

Alimaliza sekondari ya wasichana mwaka 1995. Huko aliigiza mwendo wa kila mwalimu. Siku mwalimu mkuu alipomfumania, alimwadhibu, halafu akamwita ofisini akamuuliza kwa sauti ya chini, “Hivi kweli natembea hivyo?”

Baada ya chuo cha sanaa, mwaka 1999 aliajiriwa kwenye studio ya matangazo, akachezesha sabuni dansi na kuimbisha miswaki. Wachoraji wengi wa katuni waliopo hapa leo ni wanafunzi wake. Aliwafundisha hivi: “Mtu hanyanyui mkono tu. Anaamua kwanza. Chora ule uamuzi.”

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 2003 na fundi seremala aliyeitwa studio kurekebisha mlango. Dada alipenda anavyoujaribu, akamwomba aingie na kutoka ili amchore. Shemeji husema mlango ulipona mapema, yeye ndiye hakuruhusiwa kuondoka. Walijaliwa binti na mvulana.

Januari 2023 aligundulika kuwa na saratani. Wakati huo alikuwa akitengeneza katuni ya wodi ya watoto, ya kuwaeleza wanaosubiri upasuaji nini hutokea wakipewa nusukaputi, ile dawa ya usingizi. Wengi waliogopa kwamba hawataamka. Ilibaki sehemu moja tu, ya mtoto kuamka, na mkono wa dada ukaanza kukosa nguvu. Wenzake walijitolea kummalizia. Akakataa. Tulipombembeleza, akanuna; dada yetu alikuwa mbishi, tusifichane. Aliogopa watachora uongo mtamu. Miezi ikapita, wodi ikisubiri, nasi tukihofia atatutoka kazi ikiwa hivyo hivyo.

Binti yake ndiye aliyemweza. “Mama, na watoto wanaoingia kesho je?”

Dada akasema msaidizi wake wa studio aitwe. Shemeji akalala kitandani kuigiza mtoto, akafumbua macho akitabasamu.

“Hapana, baba,” dada akamwambia. “Mtoto akiamka kule hatabasamu. Anamtafuta mtu wake kwanza.”

Msaidizi akauliza amchore vipi huyo mtu.

“Usimchore. Weka kiti, na mkono ulioshika wa mtoto. Kila mtoto atajua ni mkono wa nani.”

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 17 Septemba 2023, kazi ikiwa imekamilika. Jana katuni hiyo ilionyeshwa wodini kwa mara ya kwanza. Muuguzi ametuambia kuwa mtoto mmoja aliitazama kimya hadi mwisho, akamgeukia bibi yake: “Na wewe utakaa kwenye kiti?” Bibi alipomwitikia, mtoto akakubali kupelekwa chumba cha upasuaji.

Ameacha mume, binti na mvulana, mama yetu mzazi, wadogo zake watatu, na wachoraji aliowalea kama wanawe. Tunaumia sana.

Tumekushika mkono mpaka hapa, dada. Sasa pumzika kwa amani.