Mshale wa Yohana katika Daftari la Buluu

Ndugu, majirani na wageni mliotoka mbali, mtoto wetu Yohana Lukas Likwata alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Rondo, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Lukas na Mama Bertha, huyu aliyekaa hapa mbele, na anayewasomea ni shangazi yake Lusia, ambaye shule yake iliishia darasa la nne lakini macho na masikio hayakuishia hapo.

Alisoma shule ya msingi hapa Mingoyo mwaka 1987 hadi 1993, sekondari Lindi mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, na likizo zote alimenya korosho na mama yake, akiondoa ile ngozi nyembamba bila kuvunja punje, na hapo ndipo mkono wake ulipojifunza kazi. Tangu Septemba 2009 alifundisha fizikia chuoni, akichuna vipande vya mawe kwa utepe wa gundi, anabandika, anabandua, mpaka linabaki tabaka jembamba kuliko chochote mnachokijua, halafu analipoza kwa baridi kali mno, mpaka umeme unapita bila kupungua hata chembe. Alichokiona yeye, na ndicho kilichomletea maneno, ni kwamba tabaka lake lilikuwa na upendeleo, ukiupeleka umeme upande mmoja unateleza, ukiukatiza unakwama, kama kiganja juu ya mkeka, kinachoteleza kikifuata ukili, ule msuko wake, na kukwaruzwa kikikatiza.

Alifunga ndoa na Debora tarehe 7 Agosti 2010 mjini Lindi, ndoa ambayo baadhi yenu mlioko hapa mliipa miezi sita, na Lusia anawajua kwa majina, nao wakajaliwa watoto wawili, Cecilia mwaka 2012 na Lukas mwaka 2015.

Mwaka 2022 Dk. Majid, aliyefanya naye kazi chumba kimoja, alisema mbele ya walimu wenzao kwamba upendeleo huo hautoki kwenye tabaka, ni nyaya za kupimia ambazo Yohana amezibandika vibaya, wengine wakadakia kwamba amepika majibu, wakamwita Bwana Utepe, na ripoti yake ikawekwa pembeni. Yohana hakugombana na mtu. Januari 2024 maradhi ya figo yalipomzidi, alimkabidhi Majid kisanduku chenye tabaka lililotiwa alama ya nukta, aligeuze apendavyo, aweke nyaya zake mwenyewe, apime, kisha kuanzia kwenye nukta achore mshale wa njia ambayo umeme unateleza, aufunge ndani ya bahasha, naye Yohana akachora wa kwake katika daftari la buluu, asimwonyeshe mtu.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, hospitalini Dar es Salaam. Alhamisi Majid alifika msibani, na kabla hata ya kunawa mikono akauliza daftari liko wapi, sasa ninyi mngefikiri nini? Lusia aliona mwizi aliyerudi kufuta nyayo, akalifukia daftari kwenye ndoo ya mchele, akaapa kwamba halijui, akampakulia mgeni ugali wa kiasi cha mtoto, na hata mgeni huyo alipokwenda chooni Lusia alimchungulia asije akapitia chumba cha marehemu.

Leo asubuhi Mama Bertha, ambaye hakuzaa mtoto ili azikwe na jina la mwongo, alimtaka wifi yake alete alichokificha, maana anamjua tangu ujana. Majid naye akaitoa bahasha yake, ikafunguliwa mbele yetu, karatasi ikalazwa kando ya daftari, nukta kwa nukta, na mishale yote miwili ikaelekea upande mmoja. Majid alilia, akasema nyaya hazikuwa na kosa, kosa lilikuwa lake, na kwamba atalirudia hilo chuoni mbele ya walimu walewale. Lusia ataamini siku atakapolisema, lakini mchana huu atampakulia sahani ya mtu mzima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Mingoyo waliochota maji na kupika, walimu waliosindikiza jeneza, na Dk. Majid aliyekula kidogo siku mbili bila kulalamika. Daftari sasa liko mikononi mwa Debora, limekung'utwa mchele.

Yohana, mwanetu, hukupika kitu, na mama yako amelisikia hilo kabla hatujakufukia. Pumzika kwa amani.