Kiti cha Mto Beattie

Benchi letu liko nje ya duka la chakula cha mifugo hapa Kellerby, Ontario, na ukikaa hapo unaliona bwawa lote la Mto Beattie. Kila mwaka, mwezi wa tatu, sisi walinzi wa barafu, watu wa kujitolea tu, ndio tunaosema siku ya kung'oa mbao zinazofunga bwawa ili barafu ipite. Tukikosea, mtaa wa chini unaogelea. Sasa serikali imeunganisha mamlaka yetu ndogo ya mto na nyingine sita, makao yamehamia mjini, na leo jioni bodi mpya inaamua kama mbao zitang'olewa kwa neno letu au kwa amri ya huko. Asubuhi hii kahawa ilinyweka kwa hasira.

Wa kwanza kufoka alikuwa Elwood, fundi matrekta tunayemwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui".

PROFESA: Hawa wanataka maji yetu, bana. Wanajaza bwawa, kisha wanayavuta kwa bomba mpaka kwenye mabafu yao.

MURRAY TOPE: Acha kamba, Profesa. Maji yako wanayaogea ng'ombe. Wanataka kujenga nyumba za wikendi.

Murray alipata jina mwaka ule gari lake lilipozama matopeni ukingoni mwa mto akituonyesha kwamba ardhi ni ngumu.

PROFESA: Wamefunga na kamera pale kwenye nguzo. Eti itatazama barafu badala yetu.

MURRAY TOPE: Jana bata bukini alikuwa ameikalia. Mjini waliona manyoya siku nzima.

PROFESA: Ndiyo hapo sasa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi.

MURRAY TOPE: Samaki kaingiaje?

PROFESA: Kwani mtoni kuna nini?

Akacheka hata Verna, dereva mstaafu wa basi la shule. Yeye ndiye Mama Honi, na nyumba yake ni ya kwanza mtaa wa chini.

MAMA HONI: Chekeni tu. Mwaka ule wa mafuriko makubwa nilitoa piano yangu dirishani. Barafu hulia kabla ya kuvunjika, na kamera haina masikio.

MURRAY TOPE: Mie nasikia kazi watapewa biva, wale wanyama wa mtoni wanaokata miti kwa meno. Wale wanajua mabwawa, na hawadai hata kahawa.

PROFESA: Biva ni wenyeji, afadhali. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini hapa wengi ndio wanaotuharibia. Hatukubali.

MAMA HONI: Hatukubali hata kidogo.

Nami nikagonga kikombe kwenye benchi. Tulikuwa tumekaza kweli, vifua mbele, matako yakiwa palepale.

Ndipo akatokea Parminder, aliyenunua duka la mashine za kufulia kule mtaa wa chini majira ya kiangazi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa.

PARMINDER: Samahanini wazee wangu. Maji yamefika kizingitini. Mwakilishi wetu kwenye hiyo bodi ni nani, nimpigie simu?

Profesa akamtazama Murray. Murray akanitazama mimi. Mimi nikatazama kahawa. Kiti chetu kwenye bodi, ambacho sisi walinzi ndio humteua wa kukikalia, kilikuwa kitupu tangu Gladys ahamie kwa binti yake wakati wa mavuno, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Ila Kellerby mtu hajipendekezi. Huombwa, hukataa, huombwa tena, hukataa, na mara ya tatu ndipo husema basi, kama hakuna mwingine. Majira yote ya baridi tulikaa kwenye benchi lile, kila mtu akisubiri kuombwa mara ya kwanza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

MURRAY TOPE: Profesa, wewe unafaa.

PROFESA: Mimi nani, ndugu yangu? Labda wewe.

MURRAY TOPE: Aa, mimi sistahili.

Mama Honi akamwaga kahawa yake kwenye theluji.

MAMA HONI: Mkimaliza kukataa, piano yangu itakuwa ziwani. Kiti nakitaka mimi.

Hakuna aliyewahi kusikia maneno hayo hadharani. Murray alivua kofia.

PROFESA: Verna, hujaombwa hata mara moja.

MAMA HONI: Mto nao haujaombwa. Parminder, panda garini twende kwenye bodi, njiani utaniambia maji yamefika wapi. Na nyie watatu nyuma, mkaseme mlichosikia kwenye barafu.

Tukapanda, tukabanana, na honi ikapigwa mpaka mjini.