Fuwele Iliyomo Ndani ya Bweni

Mgeni rasmi, Mama Teresia, shikamoo. Sisi wanafunzi wa Klabu ya Fuwele, hapa Ruhembe, tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Umetuletea vitanda vya bweni la wasichana, nasi tunashukuru sana. Lakini tungekuwa wanafiki kama tungenyamaza: chumba unachokuja kukifungua leo bado kina kazi yetu, na kazi yenyewe haihamishiki.

TULIKOANZIA

Fuwele yetu ni ya oksidi ya zinki, ile poda nyeupe iliyomo kwenye dawa ya kupaka watoto wachanga. Ikikuzwa taratibu mpaka iwe kipande kimoja kisicho na ufa wala ukungu, hufaa kwa vifaa vya elektroniki. Njia ziko kadhaa. Ya mvuke inataka tanuri la joto kali, hatuna. Ya shinikizo kubwa inataka chombo cha chuma kinene, na Mwalimu Emanueli, mlezi wa klabu, alisema, "Hiyo hapana, sikuja hapa kuzika watu." Tukachagua ya polepole: poda inayeyushwa kwenye maji yenye amonia, mbegu ya fuwele, yaani kipunje cha kuanzia, inaning'inizwa humo kwa uzi, na chupa inakaa ndani ya oveni ya umeme iliyomo chumbani humo, maji yakiwa ya moto bila kuchemka.

MAFANIKIO

Fuwele ya kwanza ilituharibikia. Mwenzetu Kaelo aliisugua chupa kwa mkaa, kama kwao wanavyosafisha vibuyu vya maziwa. "Kwetu hii ndiyo safi," alisema. Chupa ilinukia vizuri, ila kila chembe ya mkaa iliota fuwele yake, tukapata chenga tupu. Tulimtania wiki nzima. Siku hizi yeye ndiye anayeosha chupa zote, kwa maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi, na haruhusu mtu kuzishika.

Mbegu ilikuwa kama punje ya ulezi. Leo imefikia punje ya mahindi, na ukiimulika haina doa.

CHANGAMOTO

Tofauti na sukari, fuwele hii huyeyuka na kurudi majini joto likishuka. Umeme ukikatika tunaifukia chupa kwenye mchanga wa moto, na mpishi wetu Magreti ameshachoka kutufukuza jikoni. Jioni hii oveni inatakiwa kuzimwa ili vitanda viingie. Chumba kingine chenye umeme hatuna.

MAOMBI

Hatupingi bweni. Mimi Seleina, ninayesoma risala hii, natembea kila siku kutoka Kidodi nikipishana na malori ya miwa, na kitanda kimoja kati ya hivyo ni changu. Ninakitamani kweli. Juzi wasichana tuliopangiwa tulikaa tukaulizana. Yusrah akasema, "Miguu yangu imeshazoea. Hiyo ikipoa, mbegu nyingine tunaitoa wapi?" Tukakubaliana sote kuendelea kutembea wiki mbili zaidi, mpaka fuwele ikomae na kutolewa.

Mungu akufikishe nyumbani salama, Mama, na akurudishe kwetu siku hiyo tukiwa tumetandika.

Mkasi wa kukatia utepe uko kwenye sahani mbele yako. Tunakuomba leo usiuguse.

Ni sisi,
Klabu ya Fuwele, Ruhembe